Plagi Aliyoifunga Kaka

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka benchini kwetu, nami muuza kahawa namimina kwa kukisia. Wateja wawili tu: Kinyozi, na Stafu, dereva wa lori aliyestaafu akabaki na ushauri. Mara akatokea kijana tunayemwita Taratibu, anasukuma pikipiki. Pikipiki hiyo aliachiwa na marehemu kaka yake, na kila asubuhi humpeleka shemeji yake mjane kazini kwenye zahanati. Leo ilikuwa imezima mara tatu.

— Plagi hiyo, akasema Stafu. Imekula kilomita ngapi?

— Elfu kumi na tisa.

— Mwanangu, plagi ya kawaida ikifika elfu kumi unashukuru, unabadilisha.

— Mpya ninayo mfukoni. Mwezi wa pili huu.

— Unaiatamia?

— Hii aliifunga kaka wiki ile ya mwisho. Nikiitoa, nimemtoa.

Nilimwonea huruma, nikammiminia kahawa asiyoiomba.

— Basi iache ilale, akasema Kinyozi. Plagi huchoka kama mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje hapo? akauliza Stafu.

— Litaingia tu.

— Plagi ya lori langu ilikaa miaka kumi na mbili, akasema Stafu. Nikiegesha, naisikia inaota njia.

— Lori la dizeli halina plagi ya cheche, mzee, nikamwambia.

— Ndiyo maana ilidumu.

— Na cheche haifi, akaendelea Kinyozi kwa sauti ya chini. Ukiitoa plagi, inabaki inazunguka zunguka, inatafuta barabara ilizozoea.

Taratibu alifumba macho. Hata mimi nilianza kuamini.

Shemeji akaja kwa miguu, sare imelowa umande. Akamwamkia Stafu, akaitazama pikipiki.

— Shemeji, kaka yako angekuwepo angeshaibadilisha. Nachelewa, na wagonjwa wananisubiri.

Taratibu akachukua spana. Plagi ikatoka nyeusi, ncha imelika. Akampa shemeji, naye akaifunga kwenye leso na machozi yakamtoka. Taratibu akapuliza tundu, akaingiza mpya kwa vidole viwili, akaizungusha polepole mpaka ikagoma, ndipo akakaza kwa spana, robo ya mzunguko tu. Kiki moja, pikipiki ikawaka.

Shemeji alikuwa hajapanda. Alikuwa anavitazama vile vidole.

— Nani alikufundisha kufunga hivyo?

Taratibu akanyoosha kidole kwenye leso yenye ile plagi ya kaka. Stafu akainamia kikombe. Nasi wengine, pamoja na elimu yetu yote, hatukuhitajika kumsaidia kujibu.