Pua ya Mama Mkwe Kwenye Fedha ya Wapeoni

Ndugu waombolezaji, mimi Teutao, shemeji wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasimulia maisha ya Mantue mwana wa Pigre, aliyezaliwa mjini Astibo siku ya tatu ya mwezi wa kuvuna kitani, mwaka ule mto Aksio ulipoganda, akiwa mtoto wa nne wa mfuga farasi.

Akiwa na miaka kumi alipelekwa kwa mjomba wake, mchongaji wa mihuri ya chuma ya kugongea sarafu, ambako alijifunza kuchonga uso kinyumenyume na kuvumilia makofi, na alipohitimu akamwoa dada yangu Berila, mwezi wa mtama mpya, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa.

Miaka miwili baada ya ndoa, wazee wetu sisi Wapeoni walipoona wafanyabiashara hawapokei fedha isiyofanana na ya Makedonia, walimwagiza aige mungu wa Wamakedonia mwenye taji la majani, wakampa sarafu ya mfano iliyolika hata pua haionekani, naye, kwa kuwa hakuwahi kumwona mungu huyo, akachonga pua aliyokuwa akiiona kila siku wakati wa chakula, ya mama mkwe wake, yaani mama yangu, Bi Ditula.

Jamani, bonde zima lilicheka, sokoni watu wakawa wanauza farasi kwa Ditula ishirini, mama akaapa kwamba fedha hiyo hataigusa maishani, marehemu kwa aibu akachonga muhuri mwingine wenye pua nzuri, lakini wafanyabiashara walishaizoea ile ya kwanza, wakasema hii mpya ni bandia, basi pua ya mama ikabaki miaka ishirini na sita.

Marehemu aliugua kifua tangu theluji ya kwanza, kwa moshi wa tanuru, akafariki juzi alfajiri, na hapo, niseme ukweli, tuliingiwa na hofu, kwani mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye humwekea maiti sarafu chini ya ulimi, asipoiweka marehemu havuki mto wa wafu, na sarafu zetu zote zina pua ile. Tulimbembeleza mama siku mbili, yeye anasokota kitani tu.

Asubuhi ya leo akaiomba sarafu mwenyewe, akaigeuzageuza, akasema, "Mkwe wangu, huko hawakujui, waoneshe pua hii, waambie umetoka kwangu," akaiweka.

Tunamshukuru mganga aliyemchemshia mizizi, majirani walioleta pombe ya mtama, na mafundi wenzake waliozima tanuru kwa heshima yake.

Vuka salama, shemeji, pumzika kwa amani, mama amekuridhia.