Dympna Hanrick na Siku Kaka Yake Alipouma Kofia

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo na mkae vizuri. Leo tunamkumbuka Dympna Hanrick wa Kilbrack, hapa hapa kwetu Wexford, mpanda farasi wa mashindano ya siku tatu. Ametutoka Alhamisi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minane. Naambiwa alimaliza kwanza chai yake. Huyo ndiye Dympna.

Alizaliwa shambani, na alipanda farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kuanguka alianguka, tena sana. Alivunjika bega, mbavu na pua. Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, hospitali wamekuzoea mpaka wananiulizia habari za kuku wangu!"

Mchezo wake, wasikilizaji, ni wa siku tatu. Siku ya kwanza farasi anatembea kwa madaha mbele ya waamuzi. Siku ya pili ni mbio za nyikani, kuruka magogo, mitaro na maji. Siku ya tatu ni kuruka fito uwanjani. Dympna aliichukia ya kwanza na kuivumilia ya tatu. Ya pili ndiyo iliyokuwa yake.

Farasi wake aliitwa Murty, wa kijivu, mwenye tumbo kubwa na kiburi kikubwa kuliko tumbo. Wenye farasi wa ukoo bora walimcheka. "Huyo si wa mkokoteni wa maziwa?" Dympna akawajibu, "Ndiyo, shikeni vikombe, anakuja."

Sasa nisikilizeni kwa makini. Ni mashindano makuu ya Ballymoyle, enzi za ujana wake. Siku ya kwanza imekwisha na Dympna anaongoza, jambo ambalo hata yeye hakuliamini. Akimaliza vizuri siku ya pili, atachaguliwa timu ya Ireland. Nafasi hiyo aliitamani tangu utotoni.

Siku hiyo ya pili kaka yake, Fintan, alisimama karibu na bwawa. Na mjue kwamba katika mchezo huu mpanda farasi haonyeshwi njia. Anaikagua kwa miguu mapema na kuikariri. Akishaanza mbio, mtu akimwelekeza, hata kwa kidole, anatolewa.

Dympna akatoka majini kwa kasi. Kizuizi kilichofuata kilikuwa kushoto, nyuma ya miti. Yeye akakata kulia, moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ambao zamu yake ilikuwa bado. Akiuruka tu nje ya zamu, anatolewa, kwisha habari yake.

"Namwona dada yangu anapotea," Fintan aliniambia mwenyewe, "na neno moja lingemwokoa. Neno hilo hilo lingemmaliza."

Basi akafanya nini? Akavua kofia, akaiuma. Akageuka akawatazama ng'ombe wa jirani. Umati wote nao ukanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichomshtua Dympna. Watu wa Wexford wanyamaze mbele ya farasi? Akavuta hatamu, ukuta uko puani, akatazama huku na huku, akatoa neno ambalo siwezi kulitamka hewani, kisha akamgeuza Murty kushoto. Wakakiruka kizuizi chenyewe! Mwishowe walishika nafasi ya nne, kwa sababu ya muda waliopoteza pale. Lakini timu ilimchukua, na akaiwakilisha Ireland kwa miaka mingi.

Fintan ndiye aliyekoma. Kila Krismasi, mezani, ilikuwa ni ugomvi ule ule.

"Si ungekohoa tu, we mwanamume!"

"Ningekohoa ungetolewa!"

"Basi ungepiga chafya! Chafya ni ya Mungu!"

Jumamosi tulimzika. Padri akamaliza sala. Fintan, mzee wa miaka themanini na moja, akasogea ukingoni mwa kaburi. Akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka kutoka paa la kanisa: "Kushoto, Dympna! Kushoto, dada yangu!"

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena.

Pole sana Fintan. Pole Sorcha, binti wa Dympna, na ndugu wote wa Kilbrack. Dympna Hanrick, mpanda farasi wetu, Mungu ampumzishe pema. Nawe msikilizaji, leo mfikirie mtu aliyewahi kujizuia asiseme kwa ajili yako, huku moyo ukimuuma. Kama bado yupo, mwambie kwamba unajua.