Salamu za Marsela Bombani

Noah ya abiria kutoka Kabungu ilikuwa inakaribia Mpanda mjini, na Bibi Theopista alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Kiti cha mbele yake, mzee mmoja alikuwa akimwonyesha binti wa pembeni simu: picha ya bomba la maji la kijiji, na mama mmoja anacheka, ndoo kichwani.

"Huyu ni Marsela, mke wangu. Alifariki mwaka jana. Kila asubuhi namwandikia hapa chini ya picha: umeamkaje?"

Binti akashika mdomo. "Kumbe ndiye wewe, babu! Huo ukurasa wa halmashauri wa mtandaoni nauendesha mimi. Bomba limeharibika, sasa ofisini tulidhani unalisalimia bomba, unatukejeli. Leo nimeagizwa niifute picha."

Theopista akafumbua jicho moja. Bomba limewashinda kutengeneza, picha yake haiwashindi kufuta.

"Usiifute, mjukuu wangu," mzee akasema.

"Nitakuhifadhia kwenye simu yako, babu. Hutaikosa."

"Kwenye simu atakuwa ndani peke yake. Marsela hakuwa mtu wa kukaa ndani. Hapo bombani watu wanapita, wengine wanamsalimia."

"Mkubwa wangu anasubiri, babu," alisema binti, lakini sauti ilikuwa imelegea.

Noah ikasimama stendi. Binti alishuka, simu mkononi. Theopista akamdaka mkono, kama bibi anayeomba kushushwa.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Mimi bado sijamsalimia."