Jina Lililotokea Kwenye Simu

Wa msikitini nawasalimu, wa kanisani nawasalimu, na nyie mliokaa mlangoni ili muwahi kuondoka nawasalimu pia. Mie ni bibi wa Chanika. Shule niliiachia darasa la pili, lakini majina siyasahau. Kila mwanamke wa kikundi chetu namjua jina lake, la baba yake na la babu yake. Leo lakini sitaji la mtu. Nitakayemsema yumo humu ukumbini. Msigeuke kumtafuta.

Kikundi chetu cha akiba kilikuwa na sanduku la bati la kuwekea pesa, lenye makufuli matatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu, mie mmoja wao. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki, hata pawe na msiba. Wangu niliufunga kwenye pindo la kanga, nalalaga nao.

Siku moja katibu wetu, mwalimu, akasimama kikaoni. Akasema nchi imejenga njia moja ya pesa, na mitandao yote ya simu na benki zote zinapita humo. Uwe na laini ipi, mwenzio awe na ipi, ukibonyeza tu imefika, hata sikukuu.

Nikamuuliza, "Na mwizi anapita wapi?"

"Bibi, kabla hujaweka namba ya siri, linatokea jina la unayemtumia. Unalisoma kwanza."

"Na kufuli?"

"Namba ya siri ndiyo kufuli lako."

Kufuli lisiloonekana! Wenzangu wakacheka, wakanyoosha mikono, nikashindwa. Kuanzia hapo hisa zetu za kila Jumamosi zikawa zinatumwa kwenye simu ya mweka hazina, naye siku hiyohiyo anazipeleka benki. Sanduku likawekewa unga.

Jumamosi ya kwanza nikakaa barazani, nikaandika namba yake tarakimu moja moja. Simu ikaleta jina. La mwanamume! Tena, ndugu zangu, jina nililijua: la shemeji wa mweka hazina, yule anayeshinda vibandani kubeti mpira. Sikutuma.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mlango wa mweka hazina na wangu inaangaliana. Anakaanga vitumbua pale nje, ningevuka tu nikamuuliza. Sikuvuka. Nilikwenda kwa jirani wa kushoto nikamwambia, "Mie sisemi kitu, ila tuma uone linatokea jina la nani." Nikaenda kisimani, nikasema hivyohivyo. Wengine walikuwa wameshaliona, ila hawakumjua mwenyewe. Mie nikawaambia ni nani. Sikusema uongo hata neno moja, na mtu akaharibika.

Wiki ya tatu vitumbua vyake vikawa vinalala. Mmoja akamwambia usoni, "Shoga, mkeka wa kubeti wa shemeji yako umechanika na hela zetu?" Alimwagia maji makaa yake akaingia ndani. Kikaoni akaleta karatasi ya benki, hakuna kilichopungua. Mie moyoni nikasema, hata karatasi zinatengenezwa.

Mvua zilipoanza nikateleza shambani kwenye tuta la mihogo, mguu ukavunjika. Nikapelekwa hospitali upande wa Temeke. Daktari akasema pawekwe chuma, na malipo yatangulie. Binti yangu akakipigia kikundi, maana tunao mfuko wa jamii kwa ajili ya mambo kama hayo. Baadaye kidogo simu yangu ikaita, binti akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo, bibi."

Alikuwa yeye, mweka hazina. "Marahaba," nikasema.

"Niko hapa na mwenyekiti na katibu. Tunakutumia fedha ya mfuko, lakini jina linalotokea ni la mwanamume. Nitume, nisitume?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanigeukia.

"Ni la mwanangu wa Madale," nikasema. "Tulipoambiwa kusajili laini kwa alama za vidole, mashine ilivikataa vyangu. Vimelika na jembe. Akaweka chake."

Akasema, "Vyangu viliungua na mafuta ya vitumbua. Shemeji akaweka chake. Ungeniuliza, bibi."

Hakuongeza. Na hajakata simu, ujumbe ukaingia: pesa imefika. Ile njia niliyoishuku ilinikuta kitandani, na aliyebonyeza ni yule niliyemfanya mwizi.

Nilipotoka na fimbo yangu nilirudia njia zangu. Nilimchafua mlango kwa mlango, nikamsafisha mlango kwa mlango, nikianza na yule jirani wa kushoto. Kuna walionifungia, kuna walioniambia, "Bibi, si wewe uliyetuambia?" Nikasema ndiyo, ni mie. Wa mwisho ulikuwa mlango wa mweka hazina. Niliomba radhi nimesimama, mguu unaniuma.

Akaniangalia weee. Halafu akanisogezea kigoda. "Kaa. Ila vitumbua vya leo unalipia."

Wiki iliyofuata tukaenda wote kusajili upya. Vidole vya mwenzangu safari hii vikasoma. Vyangu tisa mashine ilivikataa, ikakubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Nawashukuru wana kikundi mliolipia chuma kilichomo mguuni mwangu, binti yangu aliyeniuguza, na mwalimu wetu aliyevumilia maswali yangu. Siku hizi pesa haitoki mpaka wanawake watatu wasimame, jina lisomwe kwa sauti, na mie niseme mwenye jina ni nani. Makufuli yetu matatu yamerudi.

Msidhani nimeacha kushuku. Hata kipaza sauti hiki nakishuku, na ufunguo wa sanduku bado uko pindoni. Ninachowaomba ni kimoja: ukiona jina usilolielewa, vuka njia ukamuulize mwenyewe kabla hujafika kwa jirani.

Mweka hazina wetu ni yuleyule. Ukimtumia sasa, linatokea jina lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake. Nilisema silitaji. Anayetaka kulijua, amfuate amuulize.