Koti Lenye Kiu

Benchi letu liko mbele ya duka la dobi, pale mvuke wa pasi unapokutana na moshi wa jiko la Bi Birika, muuza kahawa. Mguu mmoja umekatika, tumeuwekea tofali, kwa hiyo anayekaa upande huo hushinda ubishi kwa kuwatikisa wenzake. Upande huo ni wangu. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Asubuhi hiyo nilikuwa na koti la mvua la shemeji yangu, mume wa dada, ambaye kazi yake ni kuongoza watu milimani. Aliniazima nikalijaribu kwenye kilima cha hapa nyuma, akaahidi: likirudi zima, Jumamosi ananichukua mlimani kubeba mizigo. Kazi ya kiume, siyo hizi za kupaka viatu rangi. Tatizo, koti lilikuwa chepechepe ndani, na mwenyewe alikuwa njiani kulifuata.

Dobi: Linanuka kama soksi za timu nzima. Umelifanya nini?

Mimi: Nimelitendea haki! Jana nimepanda kilima bila kupumzika, sweta ndani, zipu hadi kidevuni, kofia kichwani. Kila shingo iligeuka. Nafika juu, maji yanatiririka mgongoni. Koti linavuja!

Dobi: Halafu?

Mimi: Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko, nikalala usingizi wa shujaa.

Kiraka, mshona viatu wetu, huongea na misumari midomoni.

Kiraka: Shemeji yako kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi: Chunga ulimi, utameza msumari. Shemeji kasema koti hili linapumua.

Kiraka: Linafanya nini?

Mimi: Linapumua! Lina vitundu, jicho lako la kuzibia soli haliwezi kuviona. Mvuke wa mwili unatoka, tone la mvua haliingii.

Dobi: Si ndiyo hayo! Mlango unaotoa mtu ndio unaoingiza mtu. Wewe ulikuwa unahema kama mbwa, nalo likakuiga. Ukivuta, linavuta. Limevuta mvua!

Kiraka: Basi tuvizibe hivyo vitundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nina rangi ya viatu hapa, nyekundu, inalingana kabisa.

Mimi: Ondoa mkono!

Dobi: Rangi ya viatu! Kwani hiyo ni buti? Koti linafuliwa. Sabuni ya unga usiionee huruma, brashi ngumu, halafu ile dawa ya kulainishia nguo, yenye harufu ya maua. Mwisho pasi, mpaka lipige kelele.

Bi Birika: Ndivyo ulivyolifua gauni langu likarudi la mwanasesere.

Dobi: Gauni halikupungua, mama. Haba na haba hujaza kibaba.

Kiraka alitema misumari yote. Tulicheka hadi benchi likaruka kutoka kwenye tofali, na Bi Birika akamchapa Dobi na kitambaa cha kushikia birika. Kisha akashika kiuno, na akishika kiuno huyu mama, ujue elimu inakuja.

Bi Birika: Nyie wote hamjui kitu. Kitu kinachopumua kina uhai. Chenye uhai kinakunywa. Huyu kijana kalitembeza juani kutwa bila hata funda moja. Lilipofika juu, likaona wingu, likalinywa.

Kiraka: Kwa hiyo wingu limo humu ndani?

Bi Birika: Limo! Nusa.

Kiraka alinusa. Nakuapia, alinusa.

Kiraka: Kweli, kuna kitu.

Dobi: Tulipime basi. Tulinyweshe kahawa. Likinywa, lina kiu. Lisiponywa, limekufa.

Mimi: Jamani, shemeji anakuja! Jumamosi yangu hiyo!

Dobi: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!

Akanyakua birika akamwaga begani mwa koti. Nilifumba macho. Nilipofumbua, kahawa ilikuwa imegawanyika matonematone, yanabingirika mkononi mwa koti kama shanga zilizokatika uzi, kila tone limebeba vumbi lake. Kiraka alipenyeza mkono upande wa ndani wa bega.

Kiraka: Humu ni baridi ileile, kahawa haijapita!

Dobi: Mwaga tena!

Tukamwaga mgongoni. Tukamwaga kifuani. Bi Birika mwenyewe alimwaga kofiani huku akipiga vigelegele. Mimi nilisimama juu ya benchi nikitangaza kama mpira wa fainali, hadi nikaona wenzangu wanarudi kinyumenyume. Shemeji alikuwa nyuma yangu.

Mimi: Shikamoo, shemeji.

Alichukua koti, akaligeuza ndani nje, akalinusa, akarudisha uso nyuma. Akaligeuza tena, akapitisha kidole kwenye mkono wa koti, kidole kikatoka na vumbi. Akaitazama barabara. Gari lilikuwa limepita, vumbi limesimama kama ukuta.

Shemeji: Nina swali moja tu. Jana kulinyesha?

Kiraka akaanza kuokota misumari. Dobi akakumbuka pasi. Bi Birika alichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Wakanigeukia mimi, maana mimi sijawahi kukosa la kusema.

Mimi: Inategemea, shemeji. Unauliza mvua ya nje au ya ndani?

Alijizuia, mashavu yakamvimba, kisha akacheka mpaka akakaa upande wangu wa benchi na karibu adondoke.

Shemeji: Jumamosi njoo. Sweta liache nyumbani, na ujue zipu hufunguliwa pia. Hili ukalifue mwenyewe leo, sabuni laini, maji vuguvugu, ulitundike kivulini. Dobi asilisogelee. Mama, nimiminie kahawa.

Bi Birika aliinamisha birika. Akalitikisa. Likatoka tone moja, likakosa kikombe, likaangukia koti na kubingirika hadi chini.

Dobi: Mmeona? Limeshiba.