Mwalimu Mukuna Séraphin, Aliyewaaga Walimu Wapya wa Mikelenge (1932–1990)

Mwalimu Mukuna Banza Séraphin, ambaye tumekuja kumlaza hapa leo, alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1932. Alikuwa mwana wa kwanza wa mzee Banza, fundi wa reli, na wa mama Mwadi. Mimi ninayesoma ni Émilienne, mdogo wake wa mwisho. Mwaka 1938 baba alihamishiwa kituo cha Kindu, na tangu siku ile familia yetu haikurudi tena Katanga.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri hapa Kindu, kisha akapelekwa kusomea ualimu. Alimaliza mwaka 1953. Baba alitaka aingie kwenye reli kama yeye, na kwa muda mrefu hawakuongea vizuri. Walipatana siku baba alipopita nje ya darasa lake, akasimama dirishani, akamsikia akieleza kitu kilekile mara tatu bila kukasirika. Jioni baba alimwambia mama kwamba mtoto huyu asingeweza kazi ya reli hata hivyo, kwa sababu treni haingojei mtu.

Tarehe 6 Julai 1957 alifunga ndoa na Ndaya Julie, mkunga, mwenye asili ya Kasai. Walijaliwa watoto wawili, wote wakaondoka wakiwa wachanga. Serikali ilipotuondolea majina ya ubatizo mwaka 1972, marehemu akawa Mwananchi Mukuna kwa kila mtu. Ndaya peke yake aliendelea kumwita Séraphin, tena ndani ya nyumba tu, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 1973 alipewa kuongoza chuo cha ualimu kule Mikelenge, hapahapa Kindu. Wengi wenu mlimjua hapo. Kila Julai, wanafunzi waliomaliza walipokusanyika ukumbini, viongozi walisoma hotuba ndefu za chama, na yeye alisema kidogo sana mwishoni. Aliwapongeza, kisha akamshika mkono kila mmoja, akamuuliza anapelekwa wapi, akampa shauri moja la safari. Halima, aliyemaliza mwaka 1976, anasimulia kwamba alipotaja kijiji chake, Mwalimu alifikiri kidogo, akamwambia: "Ununue sufuria ndogo. Ile kubwa itakuonyesha kila siku kama uko peke yako." Halima alidhani ni mzaha. Anasema alimwelewa baada ya mwezi mmoja.

Sasa nifike kwenye mwaka 1979. Zamani tusingelisema jambo hili kwa sauti. Mwaka huu midomo imefunguka kidogo, kwa hiyo nitalisema. Mwanafunzi mmoja, Onema, mtu wa Sankuru, alicheka katikati ya nyimbo za chama. Vijana wa chama walimchukua wakamfungia. Mtihani alikuwa amekwisha kuufanya, na alikuwa amefaulu vizuri kupita wenzake. Wakubwa waliagiza jina lake lisitajwe siku ya sherehe. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, na kila mtu akaamini kwamba amekubali.

Siku yenyewe alisimama, akapongeza wote, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Na Onema amefaulu. Tunamupongeza hata kama hayuko hapa. Ninyi munaoenda kufundisha, mutoto akicheka darasani, mumuulize kwanza nini imemuchekesha. Musimufukuze."

Mjumbe wa chama alitazama miguu yake. Kisha kutoka mstari wa pili Ndaya akapiga makofi, peke yake, akaendelea mpaka mume wake alipokaa. Baadaye Mwalimu aliniambia kwamba hakuwa na woga aliposema. Woga ulimwingia aliposikia mikono ile miwili tu.

Kabla ya Septemba aliondolewa uongozini, akatumwa Punia kufundisha darasa la pili. Ndaya hakuruhusiwa kuacha kazi yake ya ukunga, akabaki Kindu. Kule Punia watu waliambiwa wajihadhari naye, nao wakajihadhari. Mbusa, mfanyabiashara kutoka Butembo, ndiye aliyekubali kukaa naye kwenye baraza la duka lake. Mbusa yuko hapa leo, na ametueleza kwamba kila mwaka, siku ya sherehe ya chuo, Mwalimu alivaa abacost yake safi, lile koti la heshima lisilo na tai, akatoa kiti nje, akakaa hadi jua lilipozama. Mara moja Mbusa alimuuliza anamngoja nani. Alijibu: "Hakuna. Leo watoto wanatoka, njo maana naona aibu kuvaa nguo za kazi."

Ndaya aliugua homa Aprili 1983. Habari ilimfikia mumewe kwa redio ya misheni, akapanda lori la mihogo wakati wa mvua kubwa. Alipofika Kindu tulikuwa tumekwisha kumzika. Hakumlaumu mtu. Aliniomba nimwonyeshe mahali, halafu akaniomba niende nyumbani.

Mwaka 1986 alirudishwa Mikelenge, akiwa mwalimu wa kawaida. Likizo ya kwanza alisafiri hadi mahali paitwapo Kama kumtafuta Onema, ambaye alifunguliwa baada ya miezi kadhaa lakini hakupewa diploma. Alimkuta kwenye machimbo ya dhahabu. Onema alimpikia, akampa kitanda chake, lakini mambo ya chuo hakutaka kuyasikia. Mwalimu aliporudi nilimuuliza amemkuta namna gani. Alisema: "Ameoa. Anacheka bado."

Julai mwaka huu mkuu mpya wa chuo, bwana Florentin, alimwomba awaage waliomaliza. Alikuwa ameanza kuugua moyo, miguu imevimba, na sauti ilikuwa imepungua mpaka watu wa nyuma walisogeza viti. Aliwapa hongera. Kisha akasema: "Kule munaenda, hakuna muntu atakuja kuwaambia kama mumefanya vizuri. Mukingojea siku hiyo, mutachoka bure. Mufundishe tu." Alikaa. Safari hii ukumbi mzima ulipiga makofi, na yeye alitazama mbele tu, kama mtu anayesikiliza mvua.

Oktoba alilazwa hospitali, akaomba kurudi nyumbani. Jirani yake, mama Kavugho, alimpelekea uji kila asubuhi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1990, alimkuta amelala kwa upande wake wa kitanda, upande wa pili umetandikwa vizuri. Alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mdogo mmoja, ambaye ni mimi; shemeji yake Jacques, mume wangu; wapwa zake Déo na Mwadi, watoto wangu; na mama mkwe wake kule Mbuji-Mayi, mzee sana, ambaye hatujapata njia ya kumwambia. Walimu aliowaaga wametawanyika Maniema yote, na wengi hawatajua kwa muda mrefu. Mtakaokutana nao njiani, muwaambie.

Mungu amkaribishe mahali penye watu. Alale kwa utulivu.