Jina Haliwekwi kwa Sanduku

Kabla niwasalimie, niwaulize: jina la mtu ni nguo ya Krismasi, ati uliweke kwa sanduku ungoje sikukuu? Nijibuni! Haya, asifiwe Bwana anayewajua hata watoto wale hawajafika kilo moja! Asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi mnanijua, Shosho Nyambura, yule mama mzee wa kuuza viazi hapa Gilgil. Kucheka nacheka sana, lakini leo nimekuja na hasira, na nitaitoa yote hapa mbele ya Mungu.

Mke wa kijana wangu Kamau alikuwa anakata maua kwa shamba la kampuni huko Naivasha, wanaishi mtaa wa Karagita. Tumbo bado changa, uchungu ukamshika. Tukakimbizwa hospitali ya Nakuru. Akatoka msichana, mdogo kama kifaranga, ngozi unaona mishipa yote. Mama yake presha ikapanda, akabaki wodi. Mimi ndio nikakaa na mtoto nasari, kile chumba cha watoto wachanga.

Na kwetu mnajua, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Si ni mimi! Nikasema, huyu ni Nyambura. Sasa nyinyi akina mama wa hili kanisa mkakuja na uji kwa thamosi. Kwa uji, asanteni. Lakini mmoja wenu akanivuta kando: "Mama Kamau, usipoteze jina lako. Mwekee yule ataishi." Mwingine akaongeza, "Hata akiishi, kichwa kitakuwa kimekosa hewa." Na wengine mkaitikia! Mtoto anapumua hapo, na nyinyi mnampokonya jina!

Nilichemka! Nikawaambia, "Huyo ndio mimi. Mnanizika nikiwaangalia?"

Halafu mtoto akaanza kuchoka kupumua. Daktari, msichana mpole, akanieleza: kuna kamfereji karibu na moyo. Mtoto akiwa tumboni kana kazi, akizaliwa kanajifunga. Kwa hawa wamekuja mapema, wakati mwingine kanakataa. Damu inamwagikia mapafu, ubongo unabaki na njaa. Dawa ilikuwa imejaribiwa, ikashindwa. Kwa paji la uso walikuwa wamembandika kitu kama plasta, na skrini inaonyesha oksijeni ya kichwa. Ile namba ilikuwa inashuka nikiiona na haya macho!

"Shosho, inabidi tukafunge," akasema.

Wakampeleka kupasuliwa, hapa kwa ubavu. Mimi nje kwa benchi, maombi mazuri yalinikataa. Niligombana na Mungu! "Huo mfereji si ni wewe uliuchimba? Mbona hukuufunga? Kama ni Nyambura unataka, si uchukue huyu mzee!"

Ndugu zangu, akanivumilia. Waliporudi, daktari akanishika mkono mpaka kwa skrini. Namba imepanda! Ni kama maji ya shamba: ukiziba pale panavuja, yanafika mpaka mboga ya mwisho. Nikapiga kelele, "Nyambura!" Nesi akasema, "Shosho, pole pole, unaamsha wengine." Nikamwambia waamke! Waamke wote!

Lakini mtoto mwenye alikuwa kando yetu hakuamka. Alienda kwa Mungu wiki hiyo. Mama yake pia alikuwa ameambiwa angoje kumpa jina. Huyo mama alilia akikosa hata cha kumwita mtoto wake! Hiyo ndio hasira yangu, na sitaki mniombee iishe. Mtoto aitwe! Akiishi aitwe, akienda azikwe na jina lake.

Wewe uko na wako leo kwa inkubeta, ile mashine ya kuwapa joto, mwamini Mungu, wacha madaktari wafunge chenye kimekataa kufungika, na wewe kazi yako ni kumwita. Asante Yesu!

Sasa miaka imepita, na Nyambura ndiye yule pale kando ya mama yake, meno ya mbele yameng'oka, na maswali hayaishi. Juzi namwogesha akauliza hako ka alama kwa ubavu ni ka nini. Nikamwambia yote. Akafikiria, povu kwa kichwa, akasema, "Shosho, siku watakuweka kwa mashine, mimi nitakaa hapo. Nitakuita Nyambura, Nyambura, mpaka uamke. Hata nesi akininyamazisha, sitanyamaza."